Miwani Iliyomnyima Elia Marahaba

Wanangu wa karakana, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi ya miwani tangu enzi za kioo. Nadhani mliomba kwa adabu tu, mkitumaini kwamba mstaafu akipewa kazi ya kuandika hatakuja kila wiki kukaa kwenye kiti chake cha zamani na kuwakosoa. Mmenoa. Nimeandika, na bado nitakuja. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana aliyepanda anajijua na ambaye hakupanda mnamjua ninyi. Nitaandika juu ya lenzi na watu waliozivaa, na nitawaeleza kwa nini mkuu wenu wa sasa, Fundi Elia, hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje kila mkianza kuzungumzia lenzi za kubadilika rangi. Lenzi hizo zilikaribia kumnyima mke.

Nilifika karakana hii nikiwa msichana mwembamba kutoka Ilongero. Najua mnacheka, lakini picha ipo na mashahidi wapo. Aliyenipokea alikuwa Mzee Salehe, fundi wa kusaga vioo aliyetokea Tabora, mtu wa maneno machache na kofia safi kuliko kitu chochote kingine mle ndani. Nilitegemea anikabidhi mashine. Alinipa lenzi moja ya duara, bado haijakatwa, akanisimamisha mbele ya dirisha.

"Tazama pale vyuma vya dirisha vinapokutana," akasema. "Tazama kupitia hiyo lenzi. Sasa isogeze kulia. Msalaba wa dirisha umekwenda wapi?"

"Umekwenda kushoto, mzee."

"Chukua na hii. Isogeze kulia."

"Huu umenifuata."

"Ule unaokukimbia ni lenzi ya wazee wanaotaka kusoma. Huu unaokufuata ni ya mtu asiyeona mbali. Umeshajua nusu ya kazi."

Nikauliza nusu nyingine ni ipi, akaniambia ni kunyamaza. Ile ya kwanza naijua mpaka leo. Ninyi mnaweka lenzi kwenye kipimio, mnabonyeza, namba inatokea, mnasema mashine imesema. Siku umeme ukikatika mashine haisemi, na hapo huwa mnaanza kuliangalia dirisha kwa heshima.

Wakati ule lenzi zote zilikuwa kioo. Tulizikata kwa almasi, tukazimega kingo kwa koleo, kisha tukazisaga kwenye gurudumu la jiwe huku maji yakidondoka ili kioo kisipate moto. Mzee Salehe alikuwa anasaga kwa sikio. Kioo kikisagwa vizuri kinaguna, kikibanwa sana kinapiga kelele, na yeye angeweza kuwa anakunywa kahawa upande wa pili wa chumba akakwambia uache kabla hujaharibu. Baada ya kusaga tulizichoma lenzi kwenye tanuru dogo na kuzipoza kwa upepo ili ziwe ngumu, kisha tukaziangushia goroli la chuma. Lenzi nzuri inalirusha goroli. Lenzi mbaya inapasuka. Ya kwanza kunipasukia niliisaga asubuhi nzima, nikalia. Mzee Salehe akaniletea ufagio.

"Bora ipasuke hapa ulie wewe," akasema, "kuliko ipasuke usoni kwa mtu."

Kisha ikaja plastiki. Mzee Salehe aliipokea lenzi ya kwanza ya plastiki kwa vidole viwili, akaipima uzito, akaigonga kwa ukucha, akasema hiyo ni ya kupambia keki. Wateja wetu walikuwa na maoni yale yale. Mtu aliyezoea miwani inayomchimba pua kwa uzito aliona amepewa kifuniko cha kopo. Walizigonga kwa kucha, wengine kwa meno, wakaniuliza kama kioo chenyewe kitakuja lini. Ilinibidi nimwangushie lenzi mzee mmoja sakafuni mbele ya macho yake, ikarukaruka bila kupasuka, ndipo akakubali kuivaa, ingawa aliondoka akisema kwamba hata ndoo haipasuki na hajawahi kuivaa usoni.

Adui wa plastiki hakuwa sakafu. Adui wake alikuwa usafi wetu. Jirani wa mama yangu pale Ilongero, Bi Tatu, nilimtengenezea miwani ya kusomea nikamsisitiza aitunze iwe safi. Alirudi lenzi zikiwa nyeupe kama maziwa yaliyokatwa na maji.

"Bi Tatu, umeifanya nini?"

"Nimeisafisha kama ulivyoniambia. Kila siku, sijakosa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa majivu, mwanangu, kwa kitu gani tena? Njoo uzione sufuria zangu, unajitazama ukachana nywele."

Nilimweleza kwamba majivu yana chembe ngumu, na upepo wetu wa Singida unaongeza mchanga juu yake, na vyote viwili vinakwaruza plastiki mpaka mwanga ukipita unatawanyika hovyo badala ya kwenda moja kwa moja jichoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hatuna lenzi za watu wasafi, maana hizi anaona zimetengenezewa wachafu. Nilicheka, lakini swali lake ndilo viwanda vya Ulaya navyo vilikuwa vinajiuliza, maana haikuchukua muda zikaanza kuja lenzi zilizochovywa kwenye kitu mfano wa vanishi, ngozi ngumu isiyokwaruzika upesi. Bi Tatu alipata za kwake. Akazisugua kwa majivu pia, kwa kuzijaribu, na safari hii zikavumilia karibu mwaka.

Baada ya ngozi ngumu ikaja ngozi nyingine juu yake, nyembamba kuliko utando wa maji ya sabuni, ile inayozuia mwanga usirudi. Mnaifahamu kwa ule mng'ao wa kijani. Wengi wenu mnaiuza kama dawa bila kujua inafanyaje kazi, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Mwanga ukigonga lenzi, sehemu yake inapita na sehemu inarudi. Ukipaka utando wa unene maalumu, mwanga unarudi mara mbili: mmoja kutoka juu ya utando, mwingine kutoka chini yake. Ile miale miwili inapishana hatua, wa kwanza ukipanda wa pili unashuka, inafutana. Usichokiona kikirudi kimepita kwenda jichoni. Basi, hakuna uchawi.

Aliyeihitaji kuliko wote alikuwa dereva wa lori wa Shelui, ambaye taa za magari ya mbele zilimchezea kwenye miwani kila akishuka mlima. Nilipomwonyesha lenzi mpya aliigeuzageuza.

"Kwa hiyo mama, umenipaka kitu nisichokiona?"

"Ndiyo kazi yake. Ukikiona ujue kimeharibika."

Akakiona. Alikuja akiwa amekunja uso, akaweka miwani mezani. Ule utando ulikuwa umepasukapasuka wote, vimistari kila mahali, mithili ya tope la ziwani likikauka kiangazi. Nilimuuliza huwa anaiweka wapi akipumzika. Akasema juu ya dashibodi, mbele ya kioo cha lori, anaiona vizuri asije akaisahau. Plastiki kwenye joto lile inatanuka, utando hautanuki kama yenyewe, kwa hiyo unapasuka. Nilimtengenezea nyingine na kumpa kikasha. Kikasha nacho alikiweka juu ya dashibodi, lakini angalau kilikuwa cheupe.

Sasa tufike kwa Elia.

Alikuja kujifunza kazi miaka kadhaa baada ya Mzee Salehe kustaafu, kijana wa Shelui mwenye mikono myepesi na macho mabovu. Utotoni aliugua macho, yakabaki na makovu juu ya kioo cha jicho, na makovu yanautawanya mwanga kama yale majivu ya Bi Tatu. Ndani ya nyumba alikuwa anaona vizuri tu. Akitoka juani machozi yanamchuruzika, anatembea mkono juu ya nyusi kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea. Lenzi za kubadilika rangi zilipotufikia, nilimwekea yeye za kwanza. Nilitaka pia kuona zinavyofanya kazi, na yeye alikuwa mtu wa kutoka na kuingia.

Mle ndani ya lenzi zile, karibu na uso wa lenzi yenyewe, kuna chembe za dawa zilizojikunja. Miale ya jua isiyoonekana ikizipiga zinafunguka kama mwavuli na kuukamata mwanga, lenzi inakuwa nyeusi. Ukiingia kivulini zinajikunja tena, lenzi inarudi kuwa nyeupe. Elia alizipenda kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Kila mgonjwa wa macho aliyekaa kwenye benchi letu ilibidi aonyeshwe: fundi anatoka mlangoni, anasimama juani, anarudi na miwani nyeusi, anangojea isafike, anatabasamu. Kazi zilikuwa zinalala mezani huku fundi yuko nje anaota jua. Kitu kimoja tu nilimwambia akakipuuza, kwamba chembe zile zinaendeshwa pia na joto na baridi. Wakati wa joto zinafunguka kidogo na kufunga haraka. Wakati wa baridi zinafunguka kwa bidii na kufunga kwa uvivu. Mkumbuke hilo.

Miongoni mwa wagonjwa wale wa kwenye benchi alikuwapo Rehema, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Ntandu wa Mtinko. Alikuja kupimwa macho mara moja. Baada ya hapo alikuja kukazwa skrubu. Sijawahi kuona fremu inayolegea namna ile katika maisha yangu yote ya kazi, na wala sijawahi kuona fundi anayetumia muda mrefu hivyo kukaza skrubu mbili. Mwisho nilimwambia Elia akakaze jambo lenyewe, maana fremu inachakaa.

Basi akaenda kuposa. Alimchukua baba yake mdogo, Mzee Gideoni, awe mshenga, mtu mwenye maneno mengi na kumbukumbu nzuri, ndiyo maana nimeyajua yote. Waliondoka asubuhi kwa bodaboda, mwezi wa saba. Aliyewahi kukaa nyuma ya bodaboda kwenda Mtinko asubuhi ya mwezi wa saba anajua upepo ule unavyokata masikio, na jua linavyowaka huku halipashi. Hakuna mazingira mazuri zaidi ya kuzifanya lenzi zile ziwe nyeusi. Elia alifika uani kwa Mzee Ntandu akiwa amevaa shati jeupe, koti la kuazima, na miwani nyeusi tii kama mpiga disko.

"Vua," Mzee Gideoni akamnong'oneza.

"Zitabadilika zenyewe, baba mdogo. Ngoja uone."

Akaenda mbele ya mzee, akainama, akasema shikamoo. Mzee Ntandu alikuwa amekaa mlangoni kwake. Hakuitikia. Ninyi mnaolelewa mjini siku hizi labda hamjui uzito wake. Mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, hujafika. Umesimama hapo lakini hujafika. Mzee akamgeukia mshenga.

"Mgeni wangu, umekuja na mtu au umekuja na miwani? Mimi simwitikii mtu ambaye simwoni macho."

Hapo Elia angevua tu, hadithi ingekwisha. Lakini alikuwa na imani na sayansi.

"Zinabadilika, baba. Subiri kidogo."

Mzee Gideoni aliponisimulia alisema alitamani ardhi imeze mmoja wao, hakuchagua yupi. Kijana amemwamuru mkwe asubiri, na amemwita baba kabla hajapewa mtoto. Hata hivyo Mzee Ntandu ni muungwana, aliwakaribisha ndani. Ndani mle kuna giza la nyumba yenye dirisha dogo, na lenzi, kwa ile baridi, zilikuwa bado hazijaanza hata kufikiria kujikunja. Elia hakuona kitu. Alipapasa, mguu wake ukagusa kigoda, akakikalia kwa shukrani. Kilikuwa kigoda cha Mzee Ntandu mwenyewe, ambacho wanawe wa kiume wenye ndevu hawajawahi kukikalia.

Walitoka mle bila kupewa hata maji. Jibu alipewa mshenga pembeni: binti yupo, lakini si kwa mtu yule.

Elia alirudi kazini akakaa na miwani yake mfukoni, macho yakimtiririka kila akipita mlangoni. Sikumcheka. Kweli, siku ile sikumcheka. Aliyekuja kunitikisa ni Rehema, akiwa amekasirika mpaka salamu aliitoa akiwa anakaa.

"Shikamoo Mama Pendo. Baba amesema limekwisha. Na kuna mtu mwingine ameshaulizia, mfanyabiashara wa alizeti, watu wazima wanamsifia. Nikikaa kimya wataniozesha."

"Marahaba. Sasa mimi nifanyeje, mwanangu?"

"Wewe ndiye uliyempa hayo madudu. Njoo uyaeleze."

Nilikuwa na hoja nyingi za kujitetea, lakini nilimtazama yule binti nikazimeza. Hakuwa anatania. Kama hatungekwenda mapema, angeolewa na alizeti.

Mama yake Rehema ndiye aliyetuombea ruhusa ya kurudi, nami sijui aliiombaje. Elia alipendekeza aende na miwani ya kawaida, yaishe. Nilimkatalia. Mkwe hukai naye siku moja. Kuna misiba, kuna sikukuu, kuna mavuno, na kila akifika pale juani atakuwa mweusi usoni tena. Bora mzee akijue kitu chenyewe. Asubuhi tulikodi bodaboda mbili. Moja ilibeba wanaume wawili, nyingine ilinibeba mimi peke yangu, na yule dereva akajaza upepo kwanza. Miwani ya Elia ilisafiri mkobani mwangu. Yeye mwenyewe alisafiri amefumba macho, uso kwenye mgongo wa baba yake mdogo.

Tulimkuta Mzee Ntandu mlangoni kwake, kwenye kigoda kile kile. Mimi aliniitikia shikamoo yangu. Elia nilimwacha kwenye kivuli cha ghala, asisogee kwanza. Nikamweleza mzee kwamba mimi ndiye fundi niliyemvalisha kijana ile miwani, na nimekuja na kitu nimwonyeshe, akiniruhusu. Akasema sawa, macho yake bado anayo.

Nilikuwa nimebeba lenzi moja ya akiba. Nikakata kipande cha plasta ya hospitali, nikaibandika katikati ya lenzi, nikaomba ungo, nikaiweka juu yake juani. Mama yake Rehema akasogea. Tukaongea habari za mvua na ng'ombe, kama watu wasiosubiri kitu. Lenzi ilipokolea weusi nikaibandua plasta na kumkabidhi mzee. Katikati ya weusi ule kulikuwa na ukanda mweupe safi, umbo lile lile la plasta. Akaufuta kwa kidole gumba. Haukufutika. Akaufuta kwa pindo la shati. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameikinga kwa kiganja, lenzi yote ikaanza kupungua weusi taratibu mle mkononi mwake, mpaka ukanda haukuonekana tena na kila mahali pakawa peupe.

Akaigeuza upande wa pili, kuona kama weusi umekimbilia huko.

"Jua ndilo linaloifanya," nikasema. "Na baridi inaichelewesha kusafika. Kijana hakukuficha macho, mzee. Macho yake yana makovu, yanaumia mwangani, na hii ndiyo inamwezesha kutembea mchana kama wenzake."

"Umefanya vizuri kuja," akasema. "Nimekuelewa. Lenzi haina kosa."

Nilifurahi nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mzee Gideoni akakohoa ili aanze hotuba yake.

"Lakini lenzi haikuja kuposa," Mzee Ntandu akaendelea. "Yule aliyekuja kuposa bado sijamwona. Aje hapa, bila kitu usoni, anisalimie tuonane."

"Mzee, jua la saa hizi hataliweza. Atatokwa na machozi."

"Ya kwako nimeyasikia, mama. Sasa nataka kusikia ya kwake."

Elia alikuwa ameshaanza kuja. Alivuka ule uwanja macho yakiwa yamebanwa, akijikwaa kwenye mzizi, na mimi nikaenda haraka nikasimama karibu yake upande wa mashariki, nimshike asije akaanguka mbele ya mkwe tukaongeza kosa juu ya kosa. Akasimama mbele ya kigoda. Akayafungua macho. Mlangoni, nyuma ya mama yake, nilimwona Rehema amejiziba mdomo kwa khanga.

"Shikamoo, mzee."

Machozi yakaanza. Hayakuwa ya kudondoka moja moja; yalishuka mashavu yote mawili mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Mzee Ntandu akamtazama. Elia naye akaendelea kumtazama, hakupepesa.

"Nilikukosea nilipokuja," akasema. "Nilikaa mahali pako na nilikwambia usubiri. Sikuja leo kuitetea miwani. Nimekuja kwa sababu ya Rehema. Ukinifukuza nitakwenda, halafu nitakuja tena."

Nilikuwa nimemkazia macho Mzee Ntandu, kila kitu kilikuwa kwake. Nikamwona mdomo unamcheza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa. Si hapa. Kaa pale."

Mama yake Rehema akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia Ilongero. Siku ile tulipewa maji, tukapewa na kuku.

Tangu hapo nimekuwa nikimtania Elia bila likizo. Nilimwambia wakati wa kurudi kwamba wanaume wengine wanaoa kwa ng'ombe, yeye ameoa kwa jua. Harusini nilisimama nikawaambia wageni kwamba bwana harusi hakumlilia bibi harusi, alilia kwa makovu ya kioo cha jicho, na mimi ni fundi, nina uhakika. Walicheka mpaka mchungaji. Mzee Ntandu naye alikuwa na habari yake, aliwasimulia watu mnadani Mtinko kwamba mkwewe alisimama mbele yake akalia kwa ajili ya binti yake na hakuona haya. Nilimwacha na habari yake, ni mtu mzima. Baadaye alikuja nimpatie miwani ya kusomea. Nikamuuliza kama angependa za kubadilika.

"Hapana," akasema. "Nina mabinti wawili bado. Nataka wanaokuja waone macho yangu."

Tukaendelea na kazi. Zikaja lenzi nyembamba za namba kubwa, zikaja za kukata mng'ao wa maji na lami, zikaja hizi zenu za kuzuia mwanga wa simu, ambazo wateja wanazinunua ili waendelee kukodolea simu. Elia akawa fundi kunizidi, nasema hili mara moja tu na sitalirudia mkiniuliza. Yeye na Rehema wamejenga, wana watoto watatu, mmoja anavaa miwani na anaisafisha kwa ulimi.

Siku ya chai ya kuniaga, kama mnavyojua, niliisimulia tena mbele yenu, ile ya mtu aliyeoa kwa jua. Mlicheka wote. Elia naye alicheka, akatikisa kichwa, akaenda kuniitia bajaji. Alinibebea boksi langu mpaka barabarani, akalipanga vizuri nyuma ya kiti. Kisha akainama kwenye mlango wa bajaji, miwani yake ikiwa nyeusi tii, na akaivua.

"Mama Pendo, leo nikwambie kitu, usikasirike. Siku ile Mtinko, jua halikunipata."

"Halikukupataje, na ulikuwa katikati ya uwanja?"

"Wewe ulisimama upande wa mashariki. Nilikuwa kwenye kivuli chako tangu nilipomwamkia mpaka aliponiitikia. Nilikuwa naona vizuri kabisa."

Nikamuuliza kwa nini aliniacha miaka yote hii nikisema ni jua. Akasema mwanzoni aliona haya, na baadaye aliona nilivyokuwa naifurahia ile hadithi, akaniachia.

Basi, wanangu, nimeieneza kwa mdomo wangu harusini, misibani na kwenye benchi la wagonjwa, na ninyi najua mtaieneza nikishaondoka. Mkiisimulia, isimulieni vizuri. Halikuwa jua. Alikuwa anaogopa kumkosa Rehema.